Karani Aliyekwenda Kutafuta Chanzo cha Mto

Watu wengi wakaao chini ya Mlima Kenya huutazama kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, lakini walioukanyaga ni wachache. Wazee wa Kikuyu waliuita Kirinyaga, makao ya Ngai, nao waliuelekea walipoomba mvua. Kwao, kuupanda mlima kwa matembezi tu lilikuwa jambo la ajabu, kama mtu aingiaye nyumbani mwa mkubwa bila kubisha hodi.

Alikuwako karani mmoja wa serikali aliyezaliwa upande wa magharibi wa mlima huo, karibu na mto Naro Moru. Baba yake alikuwa mkulima wa viazi, kabeji na vitunguu, na shamba lake lilinyweshwa kwa mfereji utokao mtoni. Mwaka mmoja, katika kiangazi cha Januari na Februari, maji ya mfereji yalipungua hata yakawa membamba kama uzi. Watu wa chini wakawalaumu watu wa juu, nao wa juu wakalilaumu jua. Maneno ya "wezi wa maji" yakaanza kusikika sokoni, na katika mkutano mmoja panga zikatajwa. Karani huyo ndiye aliyekuwa mwandishi wa chama cha watumiaji wa maji, naye alijua jambo moja ambalo hakuliandika kitabuni: baba yake mwenyewe alikuwa amefukia bomba la pili ardhini, lililochota maji usiku.

Alikosa ujasiri wa kusema. Badala yake alijituliza kwa habari aliyoisoma, kwamba barafu ya mlima inakwisha. Kama barafu ndiyo inayokwisha, alijiambia, basi kosa si la baba wala la mtu ye yote. Akaomba likizo ya siku 5, akatafuta kijana mmoja mwenye kazi ya kuongoza wageni, wakaingia mlimani kwa njia ya Naro Moru.

Siku ya kwanza ilikuwa ya raha. Njia hupita katika msitu mkubwa, kisha katika mianzi inayogongana kwa upepo, na mbega huruka juu ya miti kama watu waliovaa majoho meusi na meupe. Kijana alimwonyesha kinyesi cha ndovu na nyayo za nyati, akamwomba asitangulie mbele. Jioni wakalala kwenye kituo cha hali ya hewa, kilicho juu ya usawa wa bahari kwa meta 3,050. Hapo karani aliwasha sigara na kukitupa kijiti cha kiberiti. Kijana akakiokota, akakitia maji, akakiweka mfukoni mwake pasipo kusema neno.

"Kijiti kimoja nacho?" karani akauliza.

"Bwana karani, mwezi wa Machi 2012 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya majani ya huko juu. Sisi tuliokwenda kuuzima hatuviiti vijiti vidogo."

Siku ya pili ilikuwa ya taabu. Msitu uliisha, wakaingia katika nchi ya majani marefu yenye mafungu mafungu, ambayo chini yake ni tope tupu lililopanda pamoja na mlima. Wageni hupaita mahali hapo kwa jina la tope la wima, na jina hilo halikukosea. Hata wakati wa kiangazi mguu ulizama mpaka kifundoni, na kila hatua mbili mbele zilikuwa na hatua moja ya kurudi nyuma. Karani alililaani tope lile kwa lugha zote alizozijua. Baadaye wakashuka katika bonde lenye mimea isiyopatikana mahali pengi, mingine mirefu kuliko mtu, kama kabeji iliyochomekwa juu ya gogo. Pimbi walikaa juu ya mawe wakiota jua bila hofu. Jua lilipotua wakafika kambi iitwayo kwa jina la Mackinder, yule Mwingereza ambaye, pamoja na Ollier na Brocherel, alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Batian mwaka 1899.

Usiku huo, meta 4,200 hivi juu ya bahari, kichwa cha karani kilianza kuuma kama kinachopigwa nyundo. Hakuweza kula wala kulala. Saa nane za usiku, wakati wa kuondoka kwenda Lenana, alitapika. Hata hivyo akafunga viatu. Alitaka kukiona kilele kile cha meta 4,985, mahali ambapo Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya wakati wa Uhuru mwaka 1963. Tena alikwisha kuwaahidi wenzake wa ofisini picha. Walipanda changarawe gizani kwa muda wa saa mbili. Kisha kijana akammulika usoni, akamwona anayumba na maneno yake hayashikamani.

"Tunarudi," akasema.

"Kilele ki karibu!"

"Kilele hakihami, bwana karani. Maradhi ya mlima hayana dawa bora kuliko kushuka. Nimewahi kumbeba mtu aliyekataa kurudi, na mapafu yake yalikuwa yanajaa maji."

Wakashuka. Kulipopambazuka walikuwa bondeni, na kichwa cha karani kikaanza kupoa. Barafu chache zilionekana juu, nyembamba, zimebanwa kati ya miamba. Akanyoosha kidole akasema, "Basi huo ndio mto wetu unaokwisha."

Kijana akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba barafu inapungua kweli, na hilo ni jambo la huzuni, lakini imekwisha kuwa ndogo mno hata haiwezi kuulisha mto. Sehemu kubwa ya maji ya mto ni mvua iliyonywewa na ardhi ya juu na ya msituni, ikahifadhiwa, ikatolewa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Walipofika kwenye lile tope la wima, akainama, akang'oa konzi moja ya tope na kuikamua. Maji safi yakamtiririka mkononi.

"Hili ndilo tangi la baba yako," akasema.

Karani alisimama kitambo akiyatazama matone yale. Maji yalikuwapo. Yalikuwa yanatoka. Yaliyobaki ni kujua yanakwenda wapi.

Alipofika nyumbani, viatu vyake vikiwa bado na tope, baba yake alikuwa ameketi mlangoni.

"Ulifika kileleni, mwanangu?"

"Sikufika, baba."

"Basi uliona nini?"

"Niliona tope."

Mzee akacheka, lakini mwanawe hakucheka. Akamsimulia habari yote, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na lile bomba la usiku, baba, nimelijua tangu mwezi uliopita."

Mzee alinyamaza muda mrefu. "Ulikuwa ukinificha mimi?"

"Nilikuwa nikijificha mwenyewe, baba."

Kesho yake walilifukua bomba wao wawili, na Jumamosi mzee alisimama mkutanoni akalitaja kwa kinywa chake. Wengine wawili wakasimama baada yake. Zamu za maji zikapangwa upya, saa kwa saa, na mwandishi akaziandika zote, za baba yake zikiwamo. Mfereji haukujaa siku ile, maana kiangazi ni kiangazi. Lakini panga hazikutajwa tena.

Msomaji apendaye kuipita njia hiyo na achukue nguo za kutosha, asiende peke yake, na atoe siku za kutosha ili mwili uzoee. Kichwa kikimwuma sana, arudi bila haya. Kurudi si kushindwa. Na afikapo penye tope, asililaani.