Mfalme Aliyekuwepo Worms

Kila mwaka, Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa inapofika, sisi wa jumuiya yetu huimba kwa nguvu na kumtaja Luther. Mwaka juzi, aliyekuwa na zamu ya kutuongoza alituletea mtu mwingine: Christian wa Tatu, mfalme wa Denmark na Norway. Tulidhani ni historia tu. Kumbe somo lile lilikuwa linatutafuta sisi.

Christian alizaliwa mwaka 1503. Akiwa kijana wa miaka 17 alikuwepo Worms, mwaka 1521, Luther aliposimama mbele ya Kaisari na kukataa kuyakana maandishi yake. Jambo lile lilimwingia moyoni. Hata kabla hajawa mfalme alianza kuyaleta Matengenezo Haderslev, sehemu aliyopewa na baba yake kuitawala.

Ufalme hakuupata kwa amani. Baba yake alipofariki mwaka 1533, maaskofu hawakumtaka kwa sababu ya imani yake, na vita vikazuka. Mji wa Copenhagen ulizingirwa mwaka mzima, watu wakafa kwa njaa, mpaka ukasalimu amri mwaka 1536. Mwezi uliofuata mfalme akawakamata maaskofu, na mali zao zikawa za ufalme. Joachim Rønnow, askofu wa Roskilde, alifia kifungoni.

Lakini mema yake nayo ni mengi. Mwaka 1537 alimwita Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, aweke mambo ya kanisa sawa. Utaratibu mpya ukaagiza watoto wafundishwe Katekisimu, miji iwe na shule, maskini na wagonjwa watunzwe. Chuo Kikuu cha Copenhagen kikafunguliwa tena. Mwaka 1550 Biblia nzima ikachapwa kwa Kidenmark, nakala 3,000, na Neno likasomeka kwa lugha ya nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1550, kule Iceland, askofu Jón Arason, aliyeyapinga Matengenezo, alikatwa kichwa pamoja na wanawe wawili bila kuhukumiwa, mwakilishi wa mfalme akiwepo.

Hapo tulinyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Sasa huyu tumshukuru au tumlilie?"

Hakuna aliyejibu upesi, maana kila mmoja wetu alikuwa anaiangalia karatasi iliyobandikwa ukutani. Miezi michache kabla ya hapo nasi tulifanya matengenezo yetu. Michango ilikuwa inasuasua, basi tukakubaliana kwamba majina ya wasiotimiza ahadi yabandikwe na kusomwa kila tunapokutana. Nia ilikuwa njema: paa la kanisa lilivuja. Na fedha zilipatikana, paa likaisha. Lakini mama mmoja mjane, ambaye jina lake lilisomwa mara tatu, aliacha kuja. Tulisema amepoa kiroho. Hatukwenda kumwuliza.

Sisi hatukumkata mtu kichwa, wala hatukuzingira mji. Lakini tulijua tulichofanya. Tulikuwa na jambo la haki mkononi, tukalitumia kama fimbo, kisha tukalihesabu paa na kusahau kumhesabu mtu.

Jioni ile karatasi ilibanduliwa. Kesho yake watano kati yetu tulikwenda kwa yule mama. Hatukumsimulia habari za Denmark. Tulimwambia, "Mama, tumekukosea, tunaomba utusamehe." Akatukaribisha chai. Alisema tu kwamba siku zile alikuwa anamuuguza mjukuu, na hakuwa na hata nauli. Hakuahidi kurudi, nasi hatukumbana. Ilipita miezi miwili ndipo tulipomwona mlangoni, amechelewa, akitafuta mahali pa kukaa.

Christian wa Tatu alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1559. Tunamshukuru Mungu kwa Biblia, shule na maskini waliotunzwa, wala hatufichi kifungo cha Roskilde na damu ya Iceland. Mungu aliweza kulipitisha Neno lake katika mikono ile, na hilo linatutia moyo, kwa kuwa mikono yetu nayo si safi. Lakini rehema yake kwa mfalme isiwe kwetu ruhusa ya kuumiza. Tunapotengeneza nyumba ya Bwana, atujalie kwanza kuuliza nani amekosekana kwenye kiti chake.