Mistari asiyoiona mdogo wangu

Nimekuwa kimya, UE zilinibana. Nimerudi chuo kutoka nyumbani Kolo, na leo sina stori za boom. Ni habari ya mdogo wangu, mtoto wa mamdogo.

Likizo nilipanda naye mlimani kwenye michoro yetu ya miambani, ile iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nikamwonyesha watu waliochorwa kwa mistari myembamba myekundu. Akakodoa macho weee, kisha akasema, "Kaka, mi naona wekundu tu."

Dogo alizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mboni zilikuwa nyeupe, kila mtu aliziona. Bibi akasema aachwe akue kwanza, kichanga hapasuliwi. Nauli nayo haikuwepo. Mimi nilikuwa form two, nikaona bibi kasema kweli. Akapasuliwa ana miaka mitano, salama kabisa, akapewa na miwani. Tukachinja kuku tukijua yamekwisha.

Kumbe jicho ni dirisha tu, anayeona ni ubongo! Nimekutana na hili nikijisomea saikolojia ya elimu. Nyuma ya kichwa kuna seli za neva zenye kuchagua: hii huitikia mstari uliosimama, ile uliolala, nyingine ulioinama. Mtoto huzaliwa na mwanzo wa mpangilio huo, ila unakomaa kwa kuona vizuri katika miezi na miaka ya kwanza. Miaka ya 1960, David Hubel na Torsten Wiesel walimfumba mtoto wa paka jicho moja kwa wiki kadhaa. Walipolifumbua, jicho lilikuwa zima, lakini seli nyingi za ubongo hazikuliitikia tena. Zilishahamia kwa jicho la pili. Paka mkubwa akifanyiwa hivyo, haharibikiwi. Walipata Nobel mwaka 1981.

Ndiyo maana mtoto wa jicho aliyeziba mboni ya kichanga hutakiwa kutolewa mapema, ndani ya wiki chache za mwanzo. Sisi tulisubiri miaka mitano. Nikisema tulimpenda ni kweli, na nikisema tulimchelewesha ni kweli pia.

Lakini jamani, kuchelewa si sababu ya kukata tamaa. Zamani dogo alitembea akipapasa ukuta, leo anadaka mpira. Darasani anahitaji kiti cha mbele na herufi kubwa ubaoni. Walimu wenzangu watarajiwa, hilo tunaliweza bila bajeti.

Sasa mamdogo kajifungua tena, wiki mbili zilizopita. Mtoto wa jicho huweza kurithiwa, basi nikampigia: "Mamdogo, kesho mpeleke wamulike macho." Bibi akadakia, "Aachwe kwanza atimize arobaini." Safari hii sikukubali, nikamjibu kwa adabu: "Bibi, shikamoo, lakini ubongo wake hausubiri arobaini."

Wameenda leo asubuhi. Nasubiri simu, hata lekcha haipandi. Niombeeni wadau.