Paka wa Mbingu
Ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba, milima ya Udzungwa ikiwa kuliani, utafika Mbingu. Si ile ya juu, ni hii yenye mpunga, matope na panya wengi. Katika nyumba moja niliwakuta watoto wameokota mtoto wa paka mtaroni, wanamnywesha uji. Yule mdogo alikwisha kung'atwa kidole. Mama yao, wasomaji wapenzi, hakumtupa paka wala hakukidharau kidonda. Alikiosha kwa sabuni na maji ya kumimina dakika 15, kisha akambeba mtoto hadi zahanati, akachomwa sindano. Maana kichaa cha mbwa hukaa hata katika mate ya paka, na kikishaanza hakina dawa. Paka akafunikwa tenga, atazamwe siku 10. Niliporudi alikuwa mzima, watoto wanabishana jina, na baba amekwenda kwa bwana mifugo kuulizia chanjo.