Mashimo ya Mwezi na Swali la Binti Yetu

Wiki hii hatutaandika juu ya bei ya unga wala juu ya likelemba. Tunataka kuwasimulia namna mtoto mmoja alivyotufanya tuinue macho, na namna tulivyoona haya mbele yake.

Sisi tuliolelewa huku tulisikia toka kwa nkambo zetu kwamba madoa meusi ya mwezi ni mama aliyebeba kuni, na mtoto mgongoni. Alikwenda kukata kuni siku ya Mungu, akaadhibiwa, akawekwa juu ili watu wote wamwone. Tuliisikia habari hiyo karibu na mbabula, tukawapa watoto wetu vilevile kama tulivyoipokea.

Mama mmoja wa kundi letu ana binti wa miaka 12. Siku moja mwalimu aliuliza darasani madoa ya mwezi ni nini. Binti alisimama akasimulia habari ya mama na kuni. Wenzake walicheka sana. Jioni alimkuta mama yake anapika bukari, akamwuliza: "Mama, ile ilikuwa bongo tu?" Mama alikuwa amechoka, kwani alishinda mpakani na mzigo wa biashara. Akajibu: "Nyamaza, lete maji."

Toka siku ile binti hakumletea mama yake daftari tena. Alikuwa akifika, anaweka mfuko chini, anafanya kazi za nyumbani, basi. Mama alitueleza jambo hilo siku ya mkutano, na machozi yakamtoka. "Mimi niliishia darasa la nne," alisema. "Nimwambie nini?" Tulinyamaza, maana wengi wetu tuliishia hapo, na wengine hata hapo hatukufika. Mama mwingine alisema afadhali binti aache masomo, amsaidie mama kuuza. Tulibishana mpaka jioni. Mwisho tulipatana hivi: kabla ya kumtoa mtoto shuleni kwa sababu ya swali, kwanza sisi wenyewe tutafute jibu.

Kijana mmoja wa jirani anayesoma Lubumbashi alikuja likizo. Aliazima darubini ndogo ya mkono, akakubali kutufundisha. Alianza na madoa meusi yenyewe. Alisema ni tambarare pana za mawe yaliyoyeyuka zamani sana, yakatapakaa kama uji uliomwagika, kisha yakaganda. Mashimo ni kitu kingine. Yako maelfu na maelfu, nayo yalichimbwa na mawe yaliyoanguka toka angani.

Sisi wa huku tunajua mashimo. Tumezoea mashimo ya migodi, tunajua yanachimbwa kwa mashini na kwa jasho la watu. Lakini shimo la jiwe moja lililoanguka, hilo lilitushinda kuelewa. Basi kijana akaomba beseni. Tulijaza majivu ya mbabula yaliyochekechwa, juu yake tukanyunyiza unga kidogo tu, kwani unga ni chakula. Watoto wakaangusha vijiwe, kimoja kimoja. Kila kijiwe kilifanya shimo la mviringo lenye ukingo ulioinuka. Majivu yaliruka pande zote, yakaacha mistari juu ya unga mweupe.

Hapo yule binti, ambaye alikuwa amekaa nyuma, alisema: "Mbona shimo ni kubwa kuliko jiwe?"

Tulimtazama mama yake. Safari hii hakusema nyamaza. Alisema: "Sijui, mwanangu. Tuulize."

Jibu ni mwendo. Jiwe linalotoka angani linaipiga dunia kwa mwendo wa angalau kilomita 11 kwa sekunde moja. Likigonga kwa nguvu hiyo halizami tu kama kijiwe ndani ya majivu. Linapasuka, na sehemu yake kubwa inayeyuka au inageuka mvuke pamoja na mwamba lililoupiga. Mlipuko unasukuma pande zote sawasawa. Ndiyo sababu shimo linakuwa pana mara nyingi kuliko jiwe lenyewe, na ndiyo sababu karibu mashimo yote ni ya mviringo, hata kama jiwe lilikuja kwa upande.

Mwezi ulipojaa, tulitazama kwa zamu. Kijana alituonyesha doa moja linalong'aa, na mistari myeupe inatoka kwake kila upande. Shimo hilo linaitwa Tycho. Upana wake ni kilomita 85 hivi, karibu safari ya barabara toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa. Kina chake ni zaidi ya kilomita 4. Wataalamu wanakadiria lilichimbwa miaka milioni 108 iliyopita, na kwa umri wa mwezi huo ni ujana. Mistari myeupe ni vumbi na mawe yaliyorushwa siku ile, kama majivu ya beseni letu.

Alitueleza pia kwamba shimo kubwa namna hiyo haliwi kama bakuli. Kuta zake zilikuwa nzito mno, zikaporomoka kwa ndani zikafanya ngazi ngazi. Chini kuna sakafu ya mawe yaliyoyeyuka. Katikati unasimama mlima. Watoto waliuliza mlima umetoka wapi ndani ya shimo. Tulitazama tone likianguka ndani ya ndoo ya maji: maji yanashuka, kisha yanaruka juu katikati. Mwamba uliopigwa kwa nguvu nyingi nao ulishuka, ukarudi juu, ukabaki hivyo.

Na kwa nini mwezi umejaa mashimo, na huku kwetu hatuyaoni? Mawe yaliiangukia dunia pia. Lakini huku kuna mvua, mito, upepo na miti, navyo vinafukia na kulainisha polepole. Mwezini hakuna mvua wala upepo. Kilichopigwa kinabaki wazi miaka na miaka.

Halafu kijana akatuambia neno ambalo hatukulitegemea. Shimo la namna hiyo liko katika jimbo letu la Haut-Katanga, juu ya mlima wa Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi. Linaitwa Luizi. Mjerumani mmoja aliandika juu ya bonde hilo la mviringo mwaka 1919, lakini asili yake haikuhakikishwa kwa muda mrefu. Mwaka 2010 Ludovic Ferrière na wenzake walifika huko kwa miguu, na mwaka 2011 walitangaza kwamba kweli ni jiwe la angani. Upana wake ni kilomita 17. Lina ukingo ulioinuka mita 300 na zaidi juu ya bonde, na ndani kuna duara la vilima linalozunguka katikati. Walikuta mawe yenye michirizi inayofunguka kama nyuzi za ufagio, na chembe za mchanga zenye alama ambazo pigo kubwa peke yake ndilo linaloziacha.

Tulishangaa. Watu wamepita kule, wamewinda, wamechota maji, wakazaa watoto, na chini ya miguu yao kulikuwa na jambo lilelile tunalolitazama mwezini.

Wamama, hatusemi tuache habari za nkambo. Yule mama wa kuni tutaendelea kumsimulia, kwa sababu anafundisha kupumzika. Lakini tutamwambia mtoto: hii ni hadithi, na ile ni habari ya mawe, uzijue zote mbili na usizichanganye. Na pale tusipojua, tutasema hatujui, kisha twende kuuliza. Neno "nyamaza" lilikuwa karibu kutugharimu masomo ya binti mmoja.

Siku saba hivi baada ya mwezi kuandama, toeni watoto nje jioni. Mwezi ukiwa nusu, mashimo yanaonekana vizuri kuliko ukijaa, kwani kwenye mstari kati ya mwanga na giza kuta zake zinatupa vivuli virefu. Mwenye darubini ya mkono aazime majirani. Asiye nayo atumie beseni na majivu.

Binti bado ana haya darasani, hatutadanganya. Lakini juma lililopita aliweka daftari mezani, karibu na sahani ya mama yake. Alikuwa amechora duara, ukingo, ngazi na mlima katikati, na chini ameandika: Luizi. Mama alisoma polepole, herufi kwa herufi. Kisha akauliza: "Na huu mstari hapa ni nini?" Binti akavuta kiti, akakaa, akaanza kumweleza.