Niliita vidonda vya tumbo, haikuwa hivyo

Dada yangu wa Kibondo alilalamika tumbo kwa miezi minane. Chakula kidogo tu kilimshibisha, na nguo zikaanza kumpwaya. Mimi nikiwa Kasulu, nilikuwa nikimtumia kwa basi dawa za vidonda vya tumbo. Zilimtuliza, tukaridhika.

Baadaye tumbo la chini likaanza kujaa. Majirani wakampongeza. Yeye, mama wa watoto wanne, alijua hiyo si mimba.

Alikuja kwangu kwenye msiba. Usiku maumivu yakamshika ghafla upande wa kulia, akatapika mpaka akalegea. Hospitali, kipimo cha ultrasaundi kilionyesha uvimbe mkubwa. Daktari alitueleza kwamba kifuko cha mayai, yaani ovari, kimeshikiliwa na kikonyo chenye mishipa ya damu. Uvimbe ukikizidi uzito, kinaweza kujisokota kama boga kwenye kikonyo chake, damu ikashindwa kupita. Hiyo ni dharura. Alipasuliwa siku hiyo hiyo.

Tulishangilia mapema. Majibu ya maabara yalisema saratani haikuanzia pale, ilitoka kwenye mfuko wa chakula. Uvimbe huo huitwa Krukenberg, kwa jina la Friedrich Krukenberg, daktari Mjerumani aliyeuelezea mwaka 1896. Hata yeye alidhani unaanzia kwenye ovari. Tulipofika Bugando, Mwanza, kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni kilionyesha kidonda cha saratani palepale dada alipokuwa akiweka mkono miezi yote ile.

Nilimwomba radhi. Akanijibu, "Mdogo wangu, zile dawa zako ndizo zilizonipa usingizi." Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana kutulia kwake ndiko kulikotuchelewesha. Tulimzika Kibondo mwaka uliofuata.

Sijui kama kuwahi kungemponya. Najua kungempa nafasi.

Mzazi mwenzangu, si kila tumbo ni saratani, na vidonda vya tumbo vipo kweli. Lakini mtu akipungua uzito, akishiba upesi, akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, usimtumie dawa kwa basi. Mtumie nauli, aende akapimwe. Na maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo yasisubiri kukuche.