Mzigo Ukichelewa, Msiseme Tumewasahau

Mimi ni mtoto wa Nakivale kama nyinyi. Sasa nasoma Makerere na ninaishi Kikoni, pale chini ya chuo ambapo hosteli zimebanana kama mizinga ya nyuki. Mwezi huu nimeona niandike juu ya jambo linaloleta maneno katika familia nyingi kila mwisho wa mwaka: mzigo umetumwa, na haujafika.

Kwanza tuelewane namna mzigo unavyosafiri. Hapa Uganda mtu wa posta hazunguki kwenye nyumba kugonga milango. Posta inatumia masanduku, na wengi wetu hatuna sanduku. Kwa hiyo tunategemea mabasi. Unafunga boksi kwa solotepu, unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, unalipeleka kwenye ofisi ya basi kule Kisenyi, unalipa, unapewa risiti. Basi linaenda Mbarara, kilomita kama 270. Pale mtu wa familia anakuja na kitambulisho, anachukua, halafu anatafuta gari la kumrudisha nyumbani. Siku za kawaida, kitu ukikituma asubuhi, jioni kiko Mbarara.

Njia ni hiyo hiyo hata kwa mizigo inayokuja huku. Mwezi wa nane, chuo kikifungua mwaka mpya, Wandegeya na Kikoni zinajaa magunia ya maharagwe, karanga na unga kutoka kwa wazazi wa kila pembe ya nchi. Nao wakati huo mizigo inachelewa, kwa sababu kila mtu anatuma wiki moja.

Lakini Desemba ndiyo kali zaidi. Mashule yanafunga muhula wa tatu mwanzoni mwa mwezi, watoto wanarudi makwao na masanduku ya bati na magodoro. Sisi wa chuo tunamaliza mitihani karibu na siku hizo hizo. Halafu kuanzia tarehe 20 hivi, Kampala yote inaenda kijijini kula sikukuu. Nauli inapanda, na tumbo la basi linajaa mizigo ya abiria. Abiria ana mdomo, ukimwachia mzigo wake atapiga kelele. Boksi halina mdomo. Basi ndilo linaloachwa.

Ongeza na mvua. Upande wetu mvua ya pili inaanza Septemba mpaka Desemba, na barabara ya udongo ya kuingia Nakivale mnaijua wenyewe. Hata barabara ya lami inaweza kukatika. Mei 2023 mto Katonga ulifurika na daraja la barabara ya Masaka likafungwa, magari yakazungukia Sembabule. Ndugu zetu wa Adjumani na Bidibidi nao waliona yao Septemba 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, na mabasi mengine yakapitia Masindi na Paraa.

Sasa niseme yaliyotupata sisi Desemba iliyopita. Baba yangu ana ugonjwa wa presha. Dawa aliyoandikiwa ilikuwa haipatikani karibu na nyumbani, kwa hiyo nilinunua hapa vidonge vya mwezi mzima. Nikaviweka kwenye boksi pamoja na kitenge cha mama, viatu vya wadogo zangu wawili, sabuni na sukari. Nilipeleka tarehe 19, siku mbili baada ya kupata pesa. Nikamwambia mama aende Mbarara kesho yake.

Mama akakopa nauli, akaenda. Hakuna boksi. Akarudi, akaenda tena tarehe 23. Hakuna. Mimi huku nikarudi ofisini Kisenyi na risiti mkononi. Karani akaniambia bila hata kuinua kichwa, “Ssebo, abiria kwanza. Mizigo itaenda.” Itaenda lini? “Itaenda tu.”

Jioni ya tarehe 24 mama akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya chini. Akasema, “Mwanangu, kama huna kitu, sema tu. Sisi tutaelewa. Lakini usitudanganye kwamba umetuma.”

Ndugu wasomaji, neno hilo lilinichoma kuliko njaa yote niliyowahi kusikia hapa mjini. Nilimsomea namba ya risiti kwenye simu, tarakimu moja moja. Akanyamaza. Akasema sawa. Nikajua bado hajaamini.

Nilituma pesa kidogo kwa simu, ikafika dakika ile ile. Lakini viatu havipiti kwenye simu, wala dawa. Duka la dawa la jirani halikuwa na aina ile. Baba alikaa siku tano bila vidonge, kichwa kinamuuma, Krismasi hakuweza kutembea mpaka kanisani. Tarehe 27 kijana mmoja wa Juru tunayesoma naye alikuwa anaenda nyumbani. Nikakopa, nikanunua vidonge vingine, akaviweka kwenye mfuko wa shati. Usiku baba akameza. Boksi lenyewe lilifika tarehe 4 Januari, limebonyea upande mmoja, kila kitu kiko ndani. Mama alinipigia tena, akacheka kidogo, akasema viatu vimewatosha.

Tangu hapo nyumbani kwetu tumewekeana utaratibu. Mizigo ya sikukuu inaondoka Kampala kabla ya tarehe 10 Desemba. Ikipita hapo tunangoja katikati ya Januari, kabla mashule hayajafungua mwezi wa pili na msongamano kuanza upya. Dawa na karatasi za shule haziingii kwenye boksi. Zinabebwa na mtu tunayemjua. Namba ya risiti inatumwa kwa meseji siku ile ile. Na mama hapandi gari kwenda Mbarara mpaka ofisi ya kule iseme kwa simu kwamba boksi limefika, maana nauli mbili za bure ni chakula cha siku kadhaa. Tangu msaada wa chakula ulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023, wote tunajua chakula cha siku kadhaa ni nini.

Wazazi wetu, sisi tulioko mjini hatuna kikubwa. Boksi moja la Desemba mara nyingi ni miezi mitatu ya kujinyima. Likichelewa, tuulizeni risiti, tuulizeni tarehe, tukasirikieni hata ofisi ya basi pamoja. Lakini msianze na kusema tumewasahau. Na sisi vijana, simu ya mzazi tuipokee hata kama hatuna jibu, kwa sababu mzazi anayengoja kimya hawezi kujua kama boksi limekwama Kisenyi au halikutumwa kabisa.

Nawatakia afya njema nyote, na wazee wetu wenye presha wasikose vidonge vyao.