Daraja Lililoyumba kwa Hatua za Wapitaji

Twalipofika London twaliazimu kwenda kuliona daraja ambalo habari zake twalizisikia zamani. Twalitoka penye kanisa kuu la St Paul's, tukashuka hata ukingo wa mto Thames. Mbele yetu palikuwa na daraja jembamba la chuma, jina lake Millennium Bridge. Magari hayapiti hapo. Ni la waendao kwa miguu tu.

Daraja hili lilifunguliwa tarehe 10 Juni, 2000. Siku ile makumi ya maelfu ya watu walikuja kulivuka. Walipojaa juu yake, kumbe, likaanza kuyumba kushoto na kuume, hata wengine wakashika vyuma vya kando wasianguke. Baada ya siku mbili likafungwa. Je, mafundi walikosea hesabu ya uzito? Sivyo. Uzito wa watu lilikuwa likiuweza. Lililolishinda ni mwendo wao.

Mtu atembeapo, kila hatua husukuma kidogo upande, mara kushoto, mara kuume. Barabarani nguvu hiyo haijulikani. Lakini daraja lina kipimo chake cha kuyumba, mfano wa pembea ya watoto. Aisukumaye pembea ovyo hujichosha bure; aisukumaye kidogo kila irudipo, huipandisha juu sana.

Jambo hili askari walilijua tangu zamani. Mwaka 1831 kikosi kilichokuwa kikienda kwa hatua moja kilivuka daraja la Broughton, karibu na Manchester, nalo likavunjika, askari wakaanguka mtoni. Na sisi wenyewe, penye daraja la Albert juu ya mto uo huo wa Thames, twalisoma kibao kiwaamurucho askari waache kwenda kwa hatua moja wavukapo.

Lakini wale wa mwaka 2000 hawakuwa askari. Walikuwa baba, mama na watoto, kila mtu na mwendo wake. Basi ni nani aliyewaamuru? Ni daraja lenyewe. Lilipotikisika kidogo, kila mtu alitanua miguu na kukanyaga ili asianguke. Na katika kujizuia huko akazidi kulisukuma. Wengine wakalingana hatua pasipo kujua. Baadaye mafundi waliwatembeza watu juu yake, wakiwaongeza kidogo kidogo. Likatulia, hata walipozidi 150, mara likayumba kwa ghafula.

Hapo amri ya kibao haifai kitu, kwa maana huwezi kumkataza mtu kosa asilolijua. Kwa hiyo mafundi hawakuwatengeneza watu, walilitengeneza daraja. Walitia vyombo 37 mfano wa pampu, vyenye maji mazito ndani ya kuumeza mtikisiko, na tena mizigo zaidi ya 50 iliyokaa juu ya springi. Likafunguliwa tena tarehe 22 Februari, 2002.

Twalisimama katikati, watu wengi wakipita pande zote mbili, wala hatukuona limetikisika. Tulipovuka tukainama, tukaviona vyombo vile chini ya njia. Hapana aliyesimama kuvitazama. Haba na haba hujaza kibaba. Na hatua nazo ni vivyo hivyo.